Chenso inapogoma: anza na dumu la mchanganyiko kabla ya kugusa kabureta

Msumeno wa mnyororo, ambao porini wengi wetu tunauita chenso, hauna sampu ya oili, yaani bakuli la kuhifadhia oili chini ya injini, kama gari au pikipiki ya mipigo minne. Oili yote inayolainisha pistoni, ringi na beringi za kranki hufika humo ikiwa imechanganywa na petroli, hupita mara moja tu, kisha huungua na kutoka kwa njia ya ekzosi. Kwa hiyo kosa lolote la kuchanganya, liwe dogo la kijiko kimoja au kubwa la kusahau oili kabisa, huishia moja kwa moja kwenye chuma.

Misumeno inayoletwa kwangu hutoka kwa wakataji wa misindano na mikaratusi wa Mufindi na Njombe, na mara nyingi huja na historia ileile. Mwendeshaji ameanza kwa kuzungusha skrubu za kabureta, halafu amenunua plagi, halafu amenunua kabureta mpya, na mwisho kabisa, fedha ikiwa imekwisha, anauliza kama tatizo linaweza kuwa kwenye dumu. Mwongozo huu unageuza utaratibu huo. Kila dalili iliyoelezwa hapa inaanza na kile kilicho ndani ya tangi, kwa sababu ndicho chanzo cha mara kwa mara na ndicho chenye gharama ndogo zaidi kukichunguza.

Maneno nitakayoyatumia

Petroli ni petroli tupu kama ilivyotoka pampuni. Oili ni oili ya injini ya mipigo miwili, ile inayoitwa tustroki madukani. Mchanganyiko ni petroli na oili vikiwa pamoja, tayari kuingia katika tangi. Neno "mafuta" peke yake nimeliepuka kwa makusudi, kwa kuwa porini linabeba petroli, oili, mafuta ya mnyororo na hata mafuta ya kupikia, na misumeno kadhaa niliyoifungua iliharibika kwa sababu kijana wa kazi aliambiwa "weka mafuta" naye akaweka alichokiona karibu.

Kwanza tengeneza mchanganyiko wa kulinganishia

Huwezi kujua kama dumu lako lina kasoro mpaka uwe na mchanganyiko mwingine ambao una uhakika nao. Nunua lita 1 au 2 za petroli katika kituo chenye wateja wengi, ambako petroli haikai muda mrefu, na uichukue katika chombo safi kilichotengenezwa kwa ajili ya petroli. Watengenezaji wakubwa wa misumeno wanataka petroli isiyo na risasi yenye oktani isiyopungua 90 RON, na petroli ya vituoni kwa kawaida inakidhi kiwango hicho. Petroli inayouzwa kwenye chupa za soda kando ya barabara haifai kwa kipimo hiki, hata kama muuzaji ni jirani yako unayemwamini, kwa sababu naye hajui ilipitia wapi.

Upande wa oili, soma kibandiko cha chupa. Unatafuta alama ya JASO FB, FC au FD, au ISO EGB, EGC au EGD, ambazo ni alama za oili ya mipigo miwili kwa injini zinazopozwa kwa hewa. Alama ya TC-W3 ni ya injini za boti, ambazo hupozwa kwa maji. Wavuvi wa mwambao wanaitumia na inawafaa, lakini silinda ya msumeno hufikia joto kubwa zaidi kuliko la injini ya boti, na oili hiyo haikuundwa kulihimili. Oili ya gari au ya pikipiki ya mipigo minne nayo haifai, iwe mpya au iliyokwisha kutumika, kwa kuwa haikukusudiwa kuungua na inapoungua huacha majivu na masizi.

Uwiano hutoka kwenye mwongozo wa msumeno wenyewe. STIHL na Husqvarna huelekeza 50:1 kwa oili yao wenyewe, na miongozo yao ya zamani huongeza kwamba ukitumia oili nyingine ya mipigo miwili iliyo ya injini za kupozwa kwa hewa, basi uende 25:1 kwa STIHL na 33:1 kwa Husqvarna. Misumeno ya bei nafuu yenye injini ya sentimita za ujazo 52 au 58, ambayo sasa imejaa madukani, mara nyingi huandikwa 25:1 au 40:1. Kwa lita 1 ya petroli, 50:1 ni mililita 20 za oili, 40:1 ni mililita 25, 33:1 ni mililita 30, na 25:1 ni mililita 40. Kwa lita 5 zidisha mara tano: 100, 125, 150 na 200.

Tatizo kubwa la vipimo katika mazingira yetu ni kwamba watu hupima kwa kifuniko cha chupa au kwa jicho. Bomba la sindano la mililita 20 linapatikana katika duka lolote la dawa kwa bei ndogo, na kwa uwiano wa 50:1 bomba moja lililojaa ni la lita moja, hesabu ambayo hata aliyechoka jioni hawezi kuikosea. Litumie kuvuta oili peke yake, kwa sababu petroli huvimbisha mpira wake. Jihadhari pia na madumu ya mafuta ya kula ya lita 5: ukiyajaza hadi mdomoni yanabeba zaidi ya lita 5, na plastiki yake haikutengenezwa kubeba petroli. Tumia kipimo cha pampu, wala usitegemee ukubwa wa dumu.

Mimina oili yote katika nusu ya petroli, funga, tikisa vizuri, kisha ongeza petroli iliyobaki na utikise tena. Andika juu ya dumu tarehe na uwiano. Mchanganyiko wa kawaida utumike ndani ya siku 30, na ukae kivulini.

Sasa mwaga kilichomo katika tangi la msumeno ndani ya chombo, ukiwa nje, mbali na moto na sigara, injini ikiwa imepoa. Suuza tangi kwa mchanganyiko mpya kidogo, jaza, na ujaribu. Dalili ikiondoka, kazi imekwisha na kabureta haikuhitaji kuguswa. Dalili ikibaki, endelea na sehemu zifuatazo, na angalau utakuwa unachunguza jambo moja badala ya mawili.

Hauwaki, au unawaka kwa sekunde chache na kuzima

Sababu ya kwanza, na iliyo mbele sana ya nyingine, ni mchanganyiko uliozeeka. Petroli hupoteza kwanza zile sehemu zake nyepesi ambazo huwaka kirahisi injini ikiwa baridi, na kinachobaki huacha utando wa gundi katika matundu madogo ya kabureta. Msumeno uliowekwa stoo tangu kabla ya masika huku tangi likiwa na mchanganyiko ni mfano wake. Petroli iliyozeeka hunuka kwa ukali unaofanana na rangi ya mafuta ya kupakia milango, na ukishaizoea harufu hiyo huwezi kuichanganya na ile ya petroli mpya.

Sababu ya pili ni maji. Mimina mchanganyiko kidogo katika gilasi au chupa angavu, uache dakika 10 bila kuitikisa, kisha utazame chini. Maji hutengana na kukaa chini kama matone au tabaka. Wakataji walio karibu na mpaka wa Malawi, kwa mfano Kyela, wawe waangalifu zaidi ikiwa petroli yao imetoka upande wa pili, kwa sababu Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli katika petroli tangu 1982. Ethanoli huvuta maji, na yakizidi kiasi hujitenga nayo pamoja na kuzama. Oili haifuati tabaka hilo la chini, na kichujio cha tangi huvuta hasa kutoka chini.

Sababu ya tatu ni petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali za kuitambulisha petroli halali, katika petroli na dizeli mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchakachuaji, lakini petroli ya rejareja isiyopita kituoni bado haina wa kuithibitisha. Kipimo cha nyumbani ni karatasi nyeupe: dondoshea tone la petroli kabla hujaichanganya na oili, uiache ikauke kivulini. Petroli safi hutoweka bila kuacha kitu. Mafuta ya taa huacha doa la mafuta linalodumu. Ukishachanganya na oili kipimo hiki hakifai tena kwa kazi hiyo, kwa sababu oili nayo huacha doa.

Kama mchanganyiko wa kulinganishia haujasaidia, fungua plagi. Plagi iliyolowa petroli baada ya kuvuta kamba mara nyingi maana yake injini imelewa: zima swichi, toa choki, funika tundu la plagi kwa kitambaa, vuta kamba mara kadhaa ili silinda ikauke, kisha rudisha plagi kavu. Plagi iliyokauka kabisa maana yake petroli haifiki, na hapo uchunguzi huanza kwenye kichujio kidogo kilicho ndani ya tangi, kisha mpira wake, kisha tundu la kupumulia la tangi. Nafasi ya cheche katika plagi ya misumeno mingi ni milimita 0.5.

Onyo: usijaribu cheche ya plagi karibu na tundu la silinda lililo wazi wakati petroli imemwagika au mvuke wake unasikika. Mvuke huo huwaka kwa cheche ileile unayoitafuta. Ikiwa plagi ni nzima, petroli ni mpya na inafika, na bado hauwaki, kinachobaki ni koili, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) au kiwambo cha kabureta, na hayo ni ya fundi mwenye vipimo.

Moshi mwingi, plagi nyeusi yenye utelezi, ekzosi inadondosha oili

Wengi hudhani oili ikizidi ndivyo injini inavyokuwa salama zaidi. Nalijibu hili kwa uangalifu kwa sababu nusu yake ni kweli. Kati ya makosa mawili, kuzidisha oili ni kosa jepesi na kupunguza oili ni kosa zito, na ukiwa porini umesahau kama ulipima 40 au 20, heri uongeze. Lakini oili isiyoungua haipotei. Hukaa juu ya kichwa cha pistoni, katika mifereji ya ringi na katika mdomo wa ekzosi, ikageuka kuwa masizi magumu. Ringi zikinata ndani ya masizi kompresheni hushuka, na kipande cha masizi kikibanduka kinaweza kukwaruza silinda.

Anza na uwiano: uliza ni nani aliyechanganya na kwa kipimo gani. Kisa ninachokutana nacho mara nyingi ni cha watu wawili, mmoja aliyekwisha kuweka oili na mwingine aliyeiongeza bila kujua, kwa kuwa dumu halikuandikwa kitu. Kinachofuata ni aina ya oili, hasa ile ya mipigo minne. Baada ya hapo angalia chujio la hewa, kwa sababu chujio lililoziba kwa unga wa mbao hupunguza hewa na kuufanya mchanganyiko wa petroli na hewa uwe mzito, na moshi wake mtu asiyejua huuhesabia oili. Likung'ute, lioshe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni ikiwa mwongozo unaruhusu, likauke kabisa.

Zipo pia safari za kupanda. Hewa hupungua kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na msumeno uliorekebishwa Dar es Salaam ukipelekwa Nyanda za Juu Kusini, kwenye miinuko inayokaribia mita 2,000, utapata petroli ileile kwa hewa pungufu. Utatoa moshi, utakuwa mzito kupiga resi, na plagi itakuwa nyeusi bila oili kuwa na kosa lolote. Usipunguze oili ili kuondoa moshi wa aina hii. Kinachotakiwa ni kabureta kurekebishwa kwa mwinuko huo, isipokuwa kwa misumeno yenye mfumo wa kielektroniki unaojirekebisha wenyewe.

Unapiga resi juu kuliko kawaida, una joto kali, unapoteza nguvu au kuzima ukiwa katikati ya gogo

Hii ndiyo dalili inayoua misumeno, na inahadaa, kwa sababu mwanzoni injini husikika kama imepata afya. Sauti inakuwa nyembamba na kali, mnyororo unakwenda kasi, mwendeshaji anafurahi. Ukisikia mabadiliko hayo bila wewe kufanya marekebisho yoyote, zima mara moja. Usimalizie gogo.

Chunguza kwanza kama kweli kuna oili katika tangi. Injini iliyowekewa petroli tupu huwaka vizuri na kufanya kazi kwa dakika chache kabla pistoni haijaanza kukwaruzika, na ndiyo maana watu huapa kwamba haiwezi kuwa petroli tupu kwa sababu "ilikuwa inafanya kazi". Usitegemee rangi ya mchanganyiko, kwa kuwa oili nyingine zina rangi hafifu na petroli yenyewe huweza kuwa na rangi. Rudi kwenye karatasi: tone la mchanganyiko wenye oili likikauka huacha duara lenye utelezi, na tone la petroli tupu haliachi kitu. Kipimo hiki kinachukua dakika tano, na ningependa kila kambi ya ukataji ikifanye kila dumu jipya linapofunguliwa.

Pili, oili ipo lakini ni pungufu, ama haikutikiswa na imekaa upande mmoja wa dumu, ama imechanganywa kwa 50:1 ilhali ni ile ya kawaida inayohitaji zaidi. Oili iliyofikishwa dukani katika pipa na kugawanywa kwenye chupa za maji haina kibandiko wala alama, na kwa msumeno unaozunguka zaidi ya mara 12,000 kwa dakika mimi siikubali kwa uwiano wowote.

Tatu, petroli inapungua njiani ingawa oili imepimwa sawasawa. Kichujio cha tangi kimeziba, mpira wake umepasuka na kuvuta hewa, au tundu la kupumulia la tangi limezibwa na unga wa mbao. La mwisho hujulikana hivi: msumeno unafanya kazi kwa dakika kadhaa, unafifia na kuzima, ukifungua kifuniko cha tangi hewa inaingia kwa sauti, kisha unawaka tena. Lakini kuwa mwangalifu sana na kifuniko hicho. Tangi la injini iliyopata joto linaweza pia kuwa na shinikizo la mvuke, na ukilifungua kwa haraka mchanganyiko unarukia mikono, nguo na ekzosi ya moto. Subiri injini ipoe, elekeza uso pembeni, fungua polepole hadi sauti iishe.

Nne ni safari ya kushuka. Msumeno uliorekebishwa Mafinga ukipelekwa kukata mikorosho Mtwara au minazi Tanga unapata hewa nyingi zaidi kwa petroli ileile, na hilo ni hatari kuliko safari ya kupanda. Aliyepanda mlima na msumeno anasumbuliwa na moshi, lakini aliyeshuka nao anaweza kupoteza pistoni siku ya kwanza. Fanya marekebisho kabla ya kukata.

Tano, na nadra zaidi, ni hewa inayopenya mahali isipotakiwa: mpira kati ya kabureta na silinda umepasuka, gasketi imelegea, au sili za kranki zimechakaa. Ishara yake ni msumeno ukiwa sailensa, yaani ukinguruma bila kubonyezwa eksileta, kupanda na kushuka wenyewe, au kuchelewa kurudi chini baada ya kuachia, au kubadilika sauti unapoulaza ubavu.

Hapa ndipo pa kusimama. Watu wengi hujaribu kutibu hewa inayopenya kwa kuifungua zaidi skrubu ya H ya kabureta, ile inayopima petroli ya kasi ya juu, msumeno ukatulia kwa siku mbili, kisha ukafa. Skrubu hiyo hurekebishwa kwa kipima mizunguko, kulingana na kikomo kilichoandikwa katika mwongozo, na hewa inayopenya hupatikana kwa kupima shinikizo na ombwe katika chemba ya kranki. Kama huna vifaa hivyo, kila saa unayoendelea kukata unakata kwa gharama ya silinda.

Kuhusu kusoma plagi, ambako wengi huniuliza: baada ya kukata kwa nguvu kwa dakika chache, zima bila kuacha msumeno usailensi, acha upoe, kisha utazame ncha ya plagi. Kahawia ya wastani ni njema. Nyeupe au kijivu kikavu chenye vipele vidogo ni onyo la joto. Nyeusi yenye utelezi ni oili au petroli nyingi. Soma rangi hiyo ukitumia mchanganyiko wa kulinganishia tu, la sivyo plagi itakueleza habari za dumu badala ya habari za kabureta.

Nguvu inapungua taratibu wiki hadi wiki

Dalili hii haina haraka. Mara nyingi ni chujio la hewa, kisha wavu mdogo wa kuzuia cheche ulio ndani ya ekzosi, ambao huziba kwa masizi ya oili iliyozidi au isiyofaa. Ekzosi ikiwa baridi, toa wavu huo na uusafishe kwa brashi ya waya. Usiutupe ili kuongeza nguvu: katika shamba la misindano wakati wa kiangazi, wavu huo ndio unaozuia cheche isianguke kwenye majani makavu.

Ukishatoa ekzosi, tazama ndani ya tundu la silinda huku ukivuta kamba polepole. Ubavu wa pistoni unaong'aa bila mistari ni mzuri. Masizi mazito kwenye mdomo wa tundu yaondolewe kwa kijiti cha mbao, pistoni ikiwa imefunika tundu, ili vipande visiingie ndani. Ukiona mistari ya wima iliyochimbika, acha kusafisha na uende sehemu inayofuata.

Kamba haivutiki, au inavutika bila uzito wowote

Kamba iliyokwama baada ya sauti ya mkwaruzo ni pistoni iliyoshika. Usiilazimishe, wala usipige nyundo kwenye upanga wa mnyororo, wala usimimine oili kwenye tundu la plagi na kuvuta kwa nguvu za watu wawili. Kabla ya kukata tamaa fungua kwanza upanga na mnyororo, maana mara chache kinachokwama ni klachi au breki ya mnyororo, na injini ikawa nzima.

Kamba inayovutika kama uzi, bila upinzani, ni kompresheni iliyopotea. Ikitokea baada ya siku ya joto kali, chukulia kwamba ringi na silinda vimeumia.

Mahali palipokwaruzika huwa na maelezo yake. Mikwaruzo upande wa ekzosi huelekeza kwenye joto na uhaba wa oili au petroli. Mikwaruzo iliyozunguka pande zote huelekeza kwenye petroli tupu. Uchakavu wa rangi ya kijivu upande wa kabureta huelekeza kwenye vumbi lililopita chujio la hewa, na hapo mchanganyiko hauna hatia. Mwambie fundi akuonyeshe pistoni kabla hajaitupa. Ukifunga pistoni mpya bila kujua ya zamani iliuawa na nini, utalipia mbili.

Mafuta ya mnyororo na mchanganyiko vilipobadilishana matangi

Msumeno una matangi mawili, na vifuniko vyake hufanana. Mafuta ya mnyororo yakiingia katika tangi la mchanganyiko, msumeno hautawaka au utazima kwa moshi mzito. Usiendelee kuvuta kamba. Mwaga, suuza mara mbili kwa mchanganyiko mpya, badilisha kichujio cha tangi, kausha plagi. Kama yamekwisha kuingia katika kabureta, fundi ataifungua na kuiosha.

Kosa la upande wa pili ni la hatari kwa mwendeshaji mwenyewe: mchanganyiko katika tangi la mafuta ya mnyororo hunyunyizwa kwenye upanga wenye joto na kurushwa na mnyororo hewani. Ukinusa petroli kwenye upanga, zima, weka msumeno chini mahali pa wazi na uache mvuke utawanyike kabla ya kumwaga. Baada ya kujaza tangi lolote, sogea angalau mita 3 kutoka ulipojazia ndipo uwashe.

Kwenda kwa fundi

Ukifika mahali ambapo nimeandika kwamba usimame, peleka msumeno bila kuendelea kuujaribu njiani. Peleka na chupa ndogo ya mchanganyiko uleule uliokuwa ukitumia siku uliposumbua, imefungwa vizuri na kuandikwa "petroli na oili", pamoja na chupa ya oili yenye kibandiko chake. Wateja wengi humwaga ushahidi huo kwanza kwa kuona aibu, na fundi analazimika kukisia. Mchanganyiko mbaya uliobaki usiuwashie moto wa mkaa wala kuumwaga kwenye mtaro au mtoni. Ukae katika chombo kilichofungwa mpaka uufikishe kwenye gereji au kituo kinachokusanya oili chafu. Na mwambie fundi ukweli kuhusu nani aliyechanganya, lini, na kwa kipimo gani, hata kama kipimo chenyewe kilikuwa kifuniko cha chupa.